Kimelea cha malale hubadilisha koti, lakini hakiwezi kubadilisha kila kitu

Mwaka 1910, Ronald Ross na David Thomson walimchunguza mgonjwa mmoja wa malale aliyelazwa mjini Liverpool, Uingereza. Mgonjwa huyo alikuwa ameambukizwa katika bonde la mto Luangwa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Siku baada ya siku walimpima damu na kuhesabu vimelea walivyovikuta. Hesabu hiyo ilipochorwa kwenye karatasi, ilitoa mstari unaopanda na kushuka. Vimelea viliongezeka kwa siku kadhaa na homa ikapanda pamoja navyo, kisha vikapukutika hadi kukaribia kutoweka, na baada ya wiki moja hivi vikaibuka tena kwa wingi uleule. Mwili ulikuwa unashinda kila pambano, na ugonjwa ulikuwa unaendelea. Ross, aliyekuwa ameshapata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake kuhusu mbu na malaria, alitambua kwamba kila mara mwili ulipoua vimelea, vichache vilisalimika na kuanza upya. Ni vipi hivyo vichache vilisalimika? Swali hilo lilisubiri zaidi ya nusu karne kupata jibu, na jibu lake lina maana kubwa kwa namna tunavyopaswa kupambana na magonjwa ya vimelea katika Afrika Mashariki na Kati.

Kimelea chenyewe ni Trypanosoma brucei, kiumbe cha seli moja, chembamba, chenye mkia unaokisukuma ndani ya damu. Huenezwa na mbung'o, ambaye sehemu nyingi za Tanzania humwita ndorobo. Aina zake mbili humuuguza binadamu. Ya kwanza, gambiense, ni ya Afrika Magharibi na Kati. Huenda polepole, miezi hata miaka, na wagonjwa wake wengi wako katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ya pili, rhodesiense, ni ya Afrika Mashariki na Kusini, na huweza kuua ndani ya miezi michache. Uganda ndiyo nchi pekee inayozijua zote mbili. Ndugu zao wengine hushambulia ng'ombe na kuleta nagana, ugonjwa ambao umewanyima wafugaji maeneo makubwa ya malisho. Mgonjwa asipotibiwa, kimelea huvuka kutoka kwenye damu hadi kwenye ubongo. Hapo mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia mchana na kukesha usiku, na mwisho hufa. Kati ya mwaka 1900 na 1920, mlipuko mmoja upande wa Uganda wa Ziwa Victoria uliua watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni au zaidi. Ni katika mlipuko huo ambapo Aldo Castellani, akiwa Entebbe, alikiona kimelea hiki katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, na David Bruce akaonyesha kuwa mbung'o ndiye anayekieneza.

Kinachoshangaza ni mahali kinapoishi. Kimelea cha malaria hujificha ndani ya seli za ini, kisha ndani ya chembe nyekundu za damu. Bakteria wa kifua kikuu hujificha ndani ya seli nyeupe zilezile zilizotumwa kuwaua. Kimelea cha malale hakijifichi ndani ya seli yoyote. Huogelea hadharani katika damu, mahali ambapo kingamwili zimejaa na zinaweza kukifikia saa yoyote. Kwa mantiki ya kawaida, kingekuwa adui rahisi kuliko wote, na chanjo yake ingekuwa imepatikana zamani. Haijapatikana hadi leo. Hata hivyo ugonjwa wenyewe umepungua katika miaka 25 iliyopita kwa kiwango ambacho magonjwa machache ya kitropiki yamekifikia. Mambo haya mawili, kushindwa kwa chanjo na kurudi nyuma kwa ugonjwa, yakisomwa pamoja yanatupa hoja moja: kimelea kinachobadilika hakishindwi kwa kufukuzia kile kinachobadilika. Hushindwa pale tunapotafuta kile ambacho hakiwezi kukibadilisha, tukashambulia hapo, na tusikome mapema.

Koti lenye nakala milioni kumi

Mwaka 1969, Keith Vickerman alieleza kwamba kimelea kikiwa ndani ya damu hufunikwa na tabaka nene linalokizunguka chote, mkia kwa mwili. Mwaka 1975, George Cross alifanikiwa kulitenganisha tabaka hilo na kuonyesha kuwa limejengwa kwa protini ya aina moja, na kwamba vimelea kutoka mawimbi tofauti ya ugonjwa hubeba protini tofauti. Leo tunajua kuwa kila kimelea hubeba nakala zipatazo milioni kumi za protini hiyo, zimebanana kiasi kwamba kingamwili haipenyi kufikia kilichoko chini yake. Wanasayansi huliita tabaka hili koti, na jina linafaa. Mwili ukiliona koti hili kwa siku chache hutengeneza kingamwili zinazolishika barabara, na vimelea vyote vilivyolivaa huuawa. Hilo ndilo bonde katika mchoro wa Ross na Thomson. Lakini tayari wapo vimelea vichache vilivyovaa koti jingine, na kingamwili za kwanza hazivitambui. Ni kama askari wa getini aliyepewa picha ya mwizi: picha ni sahihi kabisa, ila mtu anayepita sasa ana sura nyingine.

Utajiri wa makoti haya ndio uliowakatisha tamaa watafiti wengi. Ramani ya vinasaba vya kimelea hiki, iliyochapishwa mwaka 2005, pamoja na kazi zilizofuata, imeonyesha kuwa kina jeni zaidi ya 2,000 za makoti. Katika hizo zote, jeni moja tu hufanya kazi kwa wakati mmoja, ikisomwa kutoka sehemu mojawapo kati ya kumi na tano hivi zilizoko karibu na ncha za kromosomu. Kubadilisha koti mara nyingi ni kunakili: jeni iliyolala huigwa, na nakala yake huwekwa mahali pa ile iliyokuwa inasomwa. Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya jeni hizo 2,000 ni mbovu au pungufu, haziwezi kutengeneza koti zikiwa peke yake. Kimelea huzitumia hivyo hivyo. Huchukua kipande cha hii na kipande cha ile, kikaunganisha, na kupata koti ambalo halikuwahi kuwapo. Kwa hiyo idadi ya makoti yanayowezekana inazidi mbali idadi ya jeni.

Tunapozungumza hivi ni rahisi kukipa kimelea akili ambayo hakina. Hakijui kwamba kingamwili zinakuja, wala hakichagui koti kwa kukisia. Mabadiliko hutokea kwa bahati, kabla ya kingamwili kufika, kwa kiwango kinachokadiriwa kati ya mara moja katika kila migawanyiko mia na mara moja katika kila migawanyiko milioni, kutegemea aina ya kimelea na namna kilivyotunzwa maabara. Kinachofanya bahati hiyo iwe silaha ni wingi. Tuchukue kiwango cha chini kabisa, mara moja katika milioni. Mtu mwenye vimelea bilioni moja mwilini atapata vimelea elfu moja vyenye makoti mapya kila vinapogawanyika, na kimelea hiki hugawanyika kila baada ya saa sita hivi. Kingamwili hazihitaji kukosea ili ugonjwa uendelee, kwani zikifanya kazi yake kikamilifu, zikaua vyote vinavyovaa koti la zamani, zitakuwa zimevifungulia njia vile vilivyokwisha kubadilika. Kwa maneno mengine, kinga ya mwili ndiyo inayochagua nani atatawala wimbi linalofuata.

Koti si kinga pekee ya kimelea. Mwaka 2007 ilionyeshwa kuwa kimelea kinapoogelea mbele, mkondo wa maji unaokipita huzisukuma kingamwili zilizonasa juu ya koti hadi kwenye mfuko mdogo ulioko nyuma, ambako humezwa na kuvunjwavunjwa, kwa hiyo kingamwili chache hazitoshi kukiua. Katika panya, ugonjwa huu huharibu pia seli zinazotunza kumbukumbu ya kinga, hata kinga iliyopatikana kwa chanjo nyingine. Mwaka 2015 uchunguzi wa panya ulionyesha kuwa nyuma ya kila wimbi hakuna koti moja au mawili kama ilivyodhaniwa, bali kuna makumi ya makoti kwa wakati mmoja. Na mwaka 2016 vimelea vilikutwa vimejaa katika mafuta ya mwili na kwenye ngozi, mbali na mishipa ambayo madaktari walikuwa wakiichunguza tangu enzi za Ross. Ushahidi huu wote unaeleza kwa nini chanjo iliyojengwa juu ya koti huzaa kinga dhidi ya koti hilo tu. Mwaka 1973 ilianzishwa Nairobi taasisi ya kimataifa ya utafiti wa magonjwa ya mifugo, ILRAD, na chanjo ya nagana ilikuwa mojawapo ya malengo yake mawili makuu. Kazi yake iliongeza sana ujuzi wetu juu ya makoti haya, lakini taasisi hiyo ilipounganishwa na nyingine na kuzaa ILRI katikati ya miaka ya 1990, chanjo ilikuwa bado haijapatikana.

Kubadilika kuna mipaka

Hapa ndipo mtu anaweza kuhitimisha kuwa kimelea hiki hakishindiki. Hitimisho hilo linapuuza nusu ya ushahidi. Mfumo wa koti una masharti magumu. Lazima koti liwe moja kwa wakati mmoja, kwa sababu kimelea kikionyesha makoti mengi kwa pamoja kitaufundisha mwili yote. Lazima likifunike kimelea chote bila pengo. Na lazima kimelea kiendelee kula: kinahitaji madini ya chuma kutoka kwenye damu, na milango ya kuyapokea haiwezi kubadilika ovyo kama koti, kwa kuwa kazi yake ni kushika kitu kilekile daima. Ndiyo maana milango hiyo imefichwa ndani ya ule mfuko wa nyuma. Chini ya koti kuna vimeng'enya, mitambo ya kutengeneza nguvu na mifumo ya kunakili vinasaba ambayo imebaki karibu ile ile kwa muda mrefu mno. Kimelea kinaweza kubadilisha kile kinachoonekana kwa sababu tu hakibadilishi kile kinachokiweka hai.

Hali hiyo inaonekana wazi zaidi kinapoingia tumboni mwa mbung'o. Huko hakuna kingamwili za binadamu, kwa hiyo kimelea hulivua koti lote na kuvaa protini nyingine rahisi. Kabla ya kurudi kwa mnyama au binadamu, kikiwa katika tezi za mate za mbung'o, hulazimika kuvaa koti upya, na wakati huo huchagua kutoka orodha fupi. Watafiti waliwahi kutumaini kuwa orodha hiyo fupi ingekuwa mlango wa chanjo, wakagundua kuwa nayo hubadilika kadiri miaka na maeneo yanavyobadilika. Lakini somo lingine lilibaki: safari yote ya kimelea hupitia kwa mdudu mmoja, na mdudu huyo hana makoti 2,000. Mbung'o jike huzaa buu mmoja kwa wakati, na katika maisha yake yote huzaa wachache sana akilinganishwa na mbu. Ni kiungo dhaifu kabisa katika mnyororo wote.

Malaria inatoa ushahidi unaofanana kwa njia nyingine. Kimelea cha Plasmodium falciparum huweka juu ya chembe nyekundu protini inayozinatisha kwenye kuta za mishipa, na kwa kila kimelea zipo jeni 60 hivi za protini hiyo, zinazosomwa kwa zamu. Mwaka 1998 utafiti uliofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa watoto huugua zaidi kwa vimelea vyenye protini ambazo kingamwili zao bado hazijazifahamu. Kwa miaka, mtoto anayenusurika hujenga mkusanyiko wa kingamwili, na ndiyo maana watu wazima wanaoishi kwenye malaria nyingi huambukizwa lakini mara chache huugua vibaya. Kuna hata protini moja katika jamii hiyo ambayo hushika kondo la nyuma tu. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza hana kinga nayo, lakini mimba zinazofuata humpa kinga. Maana yake ni kwamba hata mabadiliko yana hesabu, na pale protini inapolazimika kufanya kazi maalumu haiwezi kwenda mbali sana na umbo lake. Chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2021 na 2023 hazikujaribu kabisa kuifukuzia ile jamii ya protini 60. Zililenga protini ya kimelea kinapotoka tu kwa mbu, kabla hakijaingia kwenye ini, kabla mchezo wa zamu haujaanza.

Ushahidi wa miaka ishirini na mitano

Malale yenyewe ndiyo inayotoa uthibitisho mkubwa. Mwaka 1998 wagonjwa wapatao 40,000 waliripotiwa Afrika nzima, na WHO ilikadiria kuwa wengine 300,000 hawakuwa wamegunduliwa. Mwaka 2009 idadi iliyoripotiwa ilishuka chini ya 10,000, na kuanzia mwaka 2018 imekuwa chini ya 1,000 kwa mwaka. Mwaka 2022 WHO ilithibitisha kuwa Rwanda imeitokomeza rhodesiense kama tatizo la afya ya jamii, na Uganda imefanya hivyo kwa gambiense. Mwezi Agosti 2025 ikawa zamu ya Kenya, ambako mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa nchini alipatikana mwaka 2009. Yote haya yamepatikana bila chanjo. Kila silaha iliyotumika ililenga kitu kisichobadilika: vikosi vya afya vilivyokwenda vijijini kupima watu na kuwatibu kabla mbung'o hawajawauma, mitego na vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa, na dawa zinazoingia chini ya koti.

Historia ya dawa inaonyesha tofauti hiyo kwa uwazi. Suramini ilianza kutumika miaka ya 1920, na kwa karne moja imeendelea kutibu hatua ya mwanzo ya rhodesiense, huku kimelea kikibadilisha koti kila wiki. Melarsoprol, iliyoletwa mwaka 1949, ilikuwa na arseniki na iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini waliopewa. Ilivumiliwa kwa sababu bila hiyo wote wangekufa. Fexinidazole, vidonge vya kumeza, iliidhinishwa Kongo mwaka 2018 kwa ajili ya gambiense, na baada ya majaribio Malawi na Uganda ikapendekezwa pia kwa rhodesiense. Dawa hii ina utaratibu wa kuvutia: inapoingia ndani ya kimelea, kimeng'enya cha kimelea chenyewe ndicho kinachoigeuza kuwa sumu. Koti, liwe lipi kati ya 2,000, halina la kufanya.

Kwa upande wa mdudu, mfano mzuri uko Unguja. Kati ya mwaka 1994 na 1997, mbung'o waliofugwa Tanga walitasishwa kwa mionzi, kisha mamilioni ya madume yao yakaachiwa kutoka kwenye ndege. Jike aliyepandwa na dume tasa hakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa mwituni Unguja alinaswa mwaka 1996, na nagana ikaondoka pamoja naye. Unguja ni kisiwa, na njia hiyo haiwezi kuhamishiwa bara kirahisi, ambako mbung'o hurudi kutoka porini. Hata hivyo imethibitisha kwamba ukiondoa msambazaji, utajiri wote wa makoti hauna thamani.

Pingamizi zinazostahili kujibiwa

Pingamizi la kwanza ni kwamba hata dawa hukwepwa. Ni kweli. Miaka ya 1990 melarsoprol ilianza kushindwa kwa wagonjwa wengi katika baadhi ya maeneo ya Kongo, Uganda na Sudan Kusini ya leo, na dawa za nagana zimeshindwa katika sehemu nyingi za Afrika kwa sababu ya kutumiwa kiholela. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi walieleza hata koti moja ambalo, katika maabara, hukipa kimelea ustahimilivu dhidi ya suramini. Lakini tulinganishe mwendo wa mabadiliko haya mawili. Koti hubadilika ndani ya wiki, ndani ya mgonjwa mmoja, bila gharama kubwa. Usugu wa dawa umechukua miongo, na mara nyingi kimelea hulipa kwa kupoteza mlango au kimeng'enya kilichokuwa na kazi yake. Tofauti hiyo ya mwendo inatupa muda, na muda huo hutosha iwapo dawa zinatolewa kwa utaratibu, kwa kipimo kamili, na kama dawa mpya zinatafutwa kabla za zamani hazijachoka.

Pingamizi la pili ni kwamba mfumo wa makoti wenyewe unaweza kuzaa silaha mpya zisizotarajiwa, kwa hiyo si sahihi kuuona kama pazia tu. Hili ndilo pingamizi zito zaidi. Damu ya binadamu ina protini inayoitwa APOL1 ambayo huvitoboa na kuviua vimelea vya kawaida vya ng'ombe, na ndiyo sababu watu wengi wanaoumwa na mbung'o hawapati malale. Rhodesiense huishinda kwa protini inayoikamata APOL1 na kuizuia, na protini hiyo ilipochunguzwa ilikutwa ni koti la zamani lililopunguzwa na kugeuzwa matumizi. Binadamu nao wamebadilika. Mwaka 2010 ilionyeshwa kuwa watu wengi wenye asili ya Afrika wana aina za APOL1 zinazoweza kuiua rhodesiense, lakini mtu aliyerithi aina hizo kwa wazazi wote wawili ana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo. Ninakubali kuwa ghala la makoti ni chanzo cha uvumbuzi wa kimelea. Ila tazama kilichotokea koti hilo lilipopewa kazi maalumu: liliacha kubadilika. Limeganda, kwa kuwa lazima liendelee kuikamata APOL1. Mara tu kimelea kinapoitegemea protini kwa kazi muhimu, protini hiyo inaingia katika orodha ya vitu tunavyoweza kuvilenga.

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine: kama dawa na mitego vimefanya kazi, kwa nini kuendelea kutumia fedha katika utafiti wa chanjo? Jibu langu ni kwamba utafiti wa chanjo una maana mradi uache kulifukuzia koti. Mwaka 2021 watafiti wa Uingereza walipima protini nyingi za Trypanosoma vivax, kimelea kimojawapo cha nagana, zisizobadilika, na wakapata moja iliyoko kando ya mkia ambayo iliwakinga panya kwa muda mrefu. Panya si ng'ombe, na bado kuna njia ndefu. Katika kimelea cha Giardia kinachosababisha kuharisha, ambacho nacho hubadilisha protini za juu, watafiti wa Argentina walizima utaratibu wa kuchagua moja, kimelea kikaonyesha protini zote kwa pamoja, na wanyama waliopewa vimelea hivyo wakapata kinga pana. Njia zote mbili zimeanzia katika swali lilelile la mipaka: ni kitu gani ambacho kimelea hakiwezi kukificha au kukibadilisha?

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika zaidi katika ofisi za bajeti: ugonjwa wenye wagonjwa chini ya elfu moja Afrika nzima hauna haja ya fedha nyingi. Historia imekwisha kulijibu. Kufikia miaka ya 1960 malale ilikuwa imepungua mno, wagonjwa wakihesabika kwa maelfu machache. Vikosi vya upimaji vikavunjwa, vita vikaingia katika nchi kadhaa, na kufikia mwaka 1998 tukawa pale tulipokuwa na wagonjwa 300,000 wasiojulikana. Kwa rhodesiense hatari ni kubwa zaidi kwa sababu kimelea hukaa ndani ya swala, ng'ombe na wanyama wengine bila kuwaua. Mwaka 1998 ugonjwa ulizuka Soroti, Uganda, mahali ambapo haukuwapo, na uchunguzi ulihusisha mlipuko huo na ng'ombe waliosafirishwa kutoka maeneo yenye maambukizi kupitia minada. Kuanzia mwaka 2006 Uganda ilianza kuwatibu ng'ombe na kuwapulizia dawa ya kuua mbung'o, hatua ambayo iliwalinda binadamu kwa kupitia kwa mifugo.

Kwa nchi zetu, hoja hii ina maagizo ya kutekelezwa. Tanzania na Malawi, ambako rhodesiense bado ipo katika maeneo yanayopakana na hifadhi, pamoja na Uganda, zinahitaji hospitali za wilaya zenye hadubini na mtaalamu anayekifahamu kimelea hiki, kwa sababu daktari asiyewahi kukiona atamtibu mgonjwa malaria hadi ubongo uharibike. Maafisa mifugo na maafisa afya wanapaswa kupeana taarifa, kwani ng'ombe mwenye vimelea sokoni ni mgonjwa wa binadamu wa kesho. Kongo inahitaji vikosi vya upimaji viendelee kwenda vijijini hata pale vinaporudi mikono mitupu, kwa kuwa kurudi mikono mitupu ndiko kunakothibitisha kwamba kazi inafanikiwa. Na serikali za ukanda huu zinapaswa kulipia zenyewe sehemu ya gharama hizo, badala ya kusubiri wafadhili ambao hamu yao hupungua kadiri wagonjwa wanavyopungua. Kimelea cha malale kina makoti zaidi ya 2,000 na kimeyapata kwa muda mrefu kuliko umri wa binadamu. Hakina mdudu mwingine wa kukibeba badala ya mbung'o, hakina kimeng'enya kingine cha kuishi nacho, na hakiwezi kuirudia jamii ambayo haijaacha kukitafuta. Hayo matatu yanatosha kukimaliza, na hilo la tatu liko mikononi mwetu.